Usikimbilie "Mchoyo": kwa wakalimani wapya wa Mwanza na visiwani

Wadogo zangu, juzi nilikuwa Kayenze, nimekaa benchi la nyuma kabisa, sina kazi, nimemsindikiza tu rafiki. Mbele anakalimani kijana wetu mmoja, shati limepigwa pasi, daftari mkononi, kila kitu kama tulivyofundishana. Mgeni ni binti wa Kimarekani wa mradi fulani wa watoto. Anawaeleza kina mama wanaoanika dagaa kwamba wasichana wanaowasaidia kazi wanafokewa na kuzabwa makofi, na kwamba hilo halifai. Akamalizia: "Please don't be mean to the girls."

Kijana, bila hata kumeza mate: "Anawaomba msiwe wachoyo kwa hawa mabinti."

Mama mmoja akasimama, akajifunga khanga vizuri. "Mwambie uchoyo kwetu hakuna. Jana tu wamekula ugali na sangara mpaka wakabakiza." Wenzake wakacheka, wakampigia makofi. Mgeni akabaki ameduwaa: yeye anazungumzia watoto kupigwa, watu wanacheka. Mpaka kikao kinafungwa, makofi ya wale mabinti hayakujadiliwa. Yaliyosikika ni ya ukumbini tu.

Kijana yule anajua Kiingereza kuliko mimi nilivyokijua umri wake, kwa hiyo simwiti mjinga. Shida yake ni kwamba anaijua "mean" moja tu, na kila anapokutana na neno la mtu asiyetoa, au linalofanana nalo, anakimbilia "mchoyo". Si yeye peke yake. Nimewasikia wanne watano mwaka huu, wote na digrii zao. Na mnajua kwetu huku ukimwita mtu mchoyo mbele za watu umemvua nguo. Halitolewi kwa kubahatisha.

Habari za kukutana na mgeni mapema, kukaa pembeni yake na kuandika tarakimu mnazijua. Leo nazungumzia hivi vivumishi tu.

1. Sikiliza kinachofuata.

Mwingereza akisema mtu ni "mean", mara nyingi anazungumzia mfuko: huyo hatoi. Mmarekani akilisema neno hilo hilo anazungumzia roho: huyo ni mkorofi, ananyanyasa wenzake. Waingereza vijana nao siku hizi wameichukua ile ya Kimarekani, kwa hiyo pasipoti peke yake haitakusaidia. Shika kihusishi. "Mean with" fedha, sukari au petroli ni ubahili. "Mean to" mtu ni roho mbaya. Kijana wa Kayenze alipewa "to" mkononi, akaiangusha. Likija tupu, "he's mean" na nukta, muulize mgeni palepale, kwa sauti, wenyeji nao waone kwamba unauliza.

Kuna pia "a mean" inayokaa mbele ya kitu mtu anachokiweza. Mmarekani akionja supu ya sato kwa mama ntilie pale Kirumba akasema "she makes a mean fish soup", hajalalamika kwamba bakuli halijajaa. Anasema supu ni ya hatari, mama anajua. Na "a man of means" ni mtu mwenye uwezo, tajiri. Ukimtambulisha kwa kikundi kuwa ni mchoyo umewafukuzia mfadhili kabla hajakaa kwenye kiti.

Halafu iko "mean" ya kitenzi, kumaanisha, na ile ya hisabati, wastani, mliyoihangaikia kwenye takwimu sekondari. Hizi na kivumishi chetu hazina undugu wa damu. Kitenzi na kivumishi vyote ni Kiingereza cha kale, lakini kila kimoja na mzizi wake. Wastani ulitoka Kilatini ukapitia Kifaransa. Zimekutana kwenye tahajia tu. Mchele mmoja, mapishi mengi.

2. "No mean" ni neno jingine kabisa.

Hapa nitakaa kidogo. Mwenye haraka aruke.

Nilikuwa mpya kazini, nimetoka chuo na kiburi changu nimekipakia begi moja na kamusi. Mgeni wangu alikuwa mama wa Kiingereza, mstaafu, maisha yake yote alikuwa mhasibu. Tulipanda meli mpaka Nansio, Ukerewe, kisha mtumbwi wa injini mpaka kwenye mwalo mmoja wa wavuvi ambao sitautaja, maana wale kina mama bado wapo na wana simu. Ilikuwa mbalamwezi. Mnajua mbalamwezi taa za wavuvi hazifui dafu, mitumbwi inalala mchangani, hakuna dagaa wa kuanika, na ndiyo maana vikao vya kikoba hupangwa siku hizo.

Mweka hazina wao alikuwa mama wa makamo, mnyamavu, elimu yake darasa la saba. Lakini daftari lake! Hisa ukurasa huu, mikopo ule, faini pembeni, mfuko wa jamii una kurasa zake peke yake, na kila mstari una sahihi au dole gumba. Mgeni akavaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akajumlisha upya kwa penseli. Watu kimya. Akalifunga, akawageukia wanachama wote, akasema: "I did this for a living, and let me tell you, this lady is no mean bookkeeper."

Ujuzi wangu ndio ulioniponza hapo. Mtu asiyejua angeuliza. Mimi nilijua. Nilijua huyu ni Mwingereza, si Mmarekani, na nilijua kwamba kwa Waingereza "mean" ni mchoyo, jambo ambalo wenzangu wengi darasani hawakulishika na mimi nikalishika, nikasifiwa. "No" ni "si". Nikajumlisha, nikapata jibu, nikalitoa kwa sauti ya mtangazaji: "Anasema kazi hii ameifanya maisha yake yote, na anawaambieni, mweka hazina wenu huyu si mchoyo hata kidogo!"

Hiyo "hata kidogo" niliitia mwenyewe. Mgeni hakuisema.

Sasa fikirini. Ukimwambia mwenye nyumba kwamba si mchoyo, umemsifu. Ukimwambia hivyo mtu aliyeshika sanduku la fedha za wenzake, umemshtaki. Nani alimtuma awe mkarimu kwa fedha za kikoba? Anawagawia akina nani? Lakini mimi hayo sikuyaona. Nilikuwa natabasamu, nasubiri makofi.

Sauti ikatoka nyuma: "Si mchoyo kwa nani?"

Alikuwa mama aliyekuwa ameomba mkopo siku si nyingi kabla ya pale, ana mgonjwa nyumbani, akaambiwa sanduku halitoshi, avumilie. Akasimama. "Mimi niliambiwa hakuna fedha. Kumbe wapo ambao kwao si mchoyo." Mwingine akadakia kwamba mzungu ameona jambo humo ndani, la sivyo kwa nini alikuwa anajumlisha upya? Mwingine akasema mali bila daftari hupotea bila habari. Jirani yake akamjibu: "Na hii yenye daftari je?"

Mwenyekiti akaagiza sanduku lifunguliwe. Mnalijua lile sanduku, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Mmoja wa wale watatu alikuwa msibani kisiwa cha pili. Halikufunguka. Watu wakaenda kulala na shaka zao.

Na bado sijafika pabaya. Katikati ya yale maneno mgeni aliniuliza, "What are they saying?" Nilishaanza kuhisi kwamba kuna kitu kimeharibika, ingawa sikujua ni nini. Nikamjibu kwamba wanajadiliana mambo ya mikopo, kawaida tu. Si uongo, mnaona? Walikuwa wanajadili mikopo kweli. Lakini ningempa lile swali kama lilivyotoka, "generous to whom?", yule mama angeruka kutoka kwenye kiti chake, angesema hapana, nimesema ni hodari, nani amewaambia habari za ukarimu? Tungecheka wote, tungekula samaki, mweka hazina angeondoka na sifa yake. Ilihitajika dakika moja. Sikuitoa, kwa sababu dakika hiyo ingeonyesha kwamba msichana wa chuo kakosea, na nilikuwa nimeshaonwa na kijiji kizima nikitamka Kiingereza kwa pua.

Mweka hazina hakujitetea hata kwa neno moja. Alilifunga daftari kwenye kitambaa chake, akaliweka mbele ya mwenyekiti, akaenda kukaa chini pamoja na wanachama.

Kwenye mtumbwi wa kurudi mgeni alikuwa na furaha. Akaniambia wapo watu ofisini kwake wenye vyeti ukutani ambao hawakuwahi kuandika daftari safi namna ile. Moyo ukanipasuka. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu, "no mean" maana yake nini hasa. Akanieleza: si wa mchezo, ni hodari kwelikweli. Kisha akauliza kwa nini nataka kujua. Nikamwambia yote, pamoja na lile swali nililomficha. Hakunifokea. Alinyamaza mpaka Nansio, na Mwingereza mwenye maneno akinyamaza safari nzima, ujue umepigwa.

Kesho yake mwenyekiti akanipigia: sanduku limefunguliwa, fedha imetoka sawa na daftari mpaka shilingi ya mwisho. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. "Lakini mama amekataa kurudi mezani," akaongeza.

Nilirudi kisiwani kwa nauli yangu. Nikasimama mbele yao, nikaeleza kwamba mgeni alisema hivi, mimi nikasema vile, kosa ni langu peke yangu. Walinisamehe upesi kuliko nilivyotarajia. Wengine walicheka mpaka machozi, wakawa wanaitana "si mchoyo". Yule wa mkopo alimpigia mwenzake magoti. Mweka hazina akanisikiliza mpaka nikamaliza, akanishika mkono. "Nimekuelewa, mwanangu. Na hawa nimewaelewa. Daftari mpeni mwingine." Hakulishika tena. Mwisho wa mwaka, walipovunja kikoba, aliyempokea alishindwa kugawa faida kwa hisa, ikabidi wamwite mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu akala posho.

Kwa wanaotaka maelezo ya kitaalamu: katika Kiingereza cha kale kivumishi hiki kilimaanisha kitu cha wote, cha ushirika. Ndiyo, neno la wasiotoa lilianzia kwenye kushirikiana. Cha wote kikawa cha watu wa kawaida, cha kawaida kikaonekana duni, na uduni ukahamia kwenye tabia: mtu asiyetoa ni mtu duni. Ni katika karne ya 19 ambapo Wamarekani waliusogeza mpaka kwenye ukorofi. "No mean" haikwenda nao safari hiyo. Yenyewe ilibaki kwenye kituo cha "duni". Si duni, yaani bora. Katika Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611, Matendo 21:39, Paulo anajitambulisha kuwa mwenyeji wa "no mean city". Tarso haikuwa mji wa kudharauliwa, ndicho alichokuwa anamwambia yule jemadari. Hakuwa anasifia ukarimu wa watu wa Tarso. Aliyenionyesha mstari huo ni mzee wa kanisa ambaye Kiingereza chake anakijua kwenye Biblia tu, na angenitosha sana siku ile.

Ukigundua umekosea, sema: "Samahani, nimekosea, narudia." Basi.

3. Kubana si kubania.

Kijana mwingine, jina nalihifadhi ingawa akisoma hapa atajijua, alipelekwa kwa wenye boti za kukusanya sangara. Mgeni ni mtu wa ubora wa samaki kutoka nje. Mambo ya barafu mnayajua: boti inatoka Mwanza na barafu yake, inazunguka visiwani siku kadhaa, na barafu ikipungua samaki wa chini analegea kabla hajaona kiwanda. Mgeni akafungua sanduku la samaki, akanusa, akasema: "You're being stingy with the ice."

Kijana ana adabu. Kwao alifundishwa asiwaambie wakubwa neno kali. Akasema: "Anasema mnabana sana matumizi ya barafu."

Wakashukuru! Nahodha akaanza kueleza kwa fahari jinsi wanavyotandaza turubai juu ili barafu kidogo ikae siku nyingi, na kwamba safari ijayo watajitahidi kuipunguza zaidi. Kijana akayatafsiri hayo pia, kwa uaminifu mkubwa. Mgeni alidhani anatukanwa.

Kubana matumizi kwetu ni sifa, tunausiana kila Januari. Huko ndiko waliko "thrifty" na "economical": mtu anatunza, anajua kesho ipo. "Frugal" naye yuko karibu nao, mtu anayeishi kwa kiasi bila kujionyesha. Kubania ni lawama. "Usinibanie" mnaambiana kila siku kwenye chipsi. "Mnaibania barafu" ingefika mahali pake na nahodha angeinamisha kichwa. Wadogo zangu, neno kali la mgeni si lenu. Likiwa kali lifikishe kali, kwa heshima ya sauti, si kwa kulibadilisha. Na msilitie ukali lisilo nao: mgeni mmoja alimsifu mjane wa Magu kuwa ni "thrifty", kasomesha watoto kwa michembe ya viazi na kuku, mkalimani akamwita bahili mbele ya watoto wake hao hao. Mjane alijibu kwa Kisukuma. Hakuna aliyethubutu kutafsiri.

Kwa upande wetu pia tuna tofauti zetu na mnazikanyaga. Kwa sikio langu bahili hatoi hata kwa nafsi yake. Ana fedha benki na ndala zake zimefungwa waya. Mchoyo anakula vizuri, ila mlango amefunga. Kwa hiyo "miserly" mpe bahili, maana "miser" yenyewe ni Kilatini cha mtu mnyonge, mtu wa kuhurumiwa, anayeteseka na mali yake. "Stingy" itakwenda popote, tazama anayenyimwa ni nani. "Tight-fisted" tunayo tayari, mkono wa birika, na ukiitoa kwa wakati wake ukumbi mzima unacheka na mgeni anadhani ni yeye mchekeshaji. Mwachie.

4. Haraka haraka.

"Stingy" inatamkwa kwa j, "stinji". Ukitamka ile g ya "sting", mwiba wa nyuki, unamfanya mtu mdudu. "Miserly" ina mkia wa "-ly" lakini ni kivumishi, sawa na "friendly", kwa hiyo usiseme mtu "spends miserly". "Stinginess" ina i, si y. "Parsimonious" ukiisikia ujue mgeni ni profesa. Sema bahili, endelea, kabla hajaongeza jingine. "Stingy with praise" haina shilingi ndani yake: ni mtu mgumu kusifu. Nasikia ndivyo mnavyoniita kwenye lile kundi lenu la simu.

5. Au ya sita, nimeshapoteza hesabu. "Tight" na "close".

"Tight" kwa Mwingereza ni mtu mgumu kutoa. Lakini kwa Mwingereza mzee inaweza kuwa mtu aliyelewa. Tukiwa kwenye boti ya kwenda Saanane, mtalii mmoja wa umri alimsimulia nahodha kwamba baba mkwe wake alikuwa "tight every Christmas". Mwenzangu akatafsiri: kila Krismasi alikuwa bahili. Nahodha akaguswa, akasema hata mkwe wake yeye, Krismasi nzima, hajawahi kutoa hata soda. Mtalii akauliza soda inasaidiaje. Nahodha akasema soda ni heshima. Walifika kisiwani wamekuwa marafiki wakubwa, kila mmoja na mkwe wake, na sikuona sababu ya kuingilia. Wakati mwingine kosa linazaa undugu, lakini msilitegemee, safari ile ilikuwa fupi.

"A tight budget" si tusi kwa mtu. Ni bajeti imebana, na maana yake ni kwamba mtakula mihogo.

"Close with his money" ni ya kizamani kidogo, bado utaisikia kwa wazee. Haina uhusiano na kukaa karibu na fedha, ingawa ukiifikiria, inao.

6. Lipo neno ambalo hutalitumia kabisa.

Mtalikuta kwenye kamusi za zamani: "niggardly". Maana yake ni ubahili tu, na asili yake inaonekana ni lugha za Skandinavia. Kwa chimbuko halina uhusiano wowote na tusi la ubaguzi dhidi ya watu weusi. Lakini masikio hayafungui kamusi. Mwaka 1999 ofisa mmoja wa ofisi ya meya wa Washington alilitumia akizungumzia bajeti, kwa maana yake sahihi kabisa, ikazuka ghadhabu, akajiuzulu. Baadaye alirudishwa kazini. Kama mwenye lugha yake alifika huko, wewe wa Igoma unalitafutia nini? Mgeni akilitamka, tafsiri maana, bahili, na usilirudie kwa Kiingereza. Ukiandika ripoti una "stingy", una "miserly", una "mean". Yanatosha.

7. "Cheap".

Mmarekani akimwita mtu "cheap" anamwita bahili. Na Mwingereza naye, akilisikia kwa mtu, anasikia uduni, kitu kisicho na hadhi. Kwa bidhaa halina neno, samaki wa "cheap" ni wa bei rahisi, ingawa hata hapo mnunuzi ataanza kunusa.

Nalisema hili kwa sababu binti mmoja hodari sana, tunayemtegemea kwa miaka ijayo, kanionyesha kadi zake mpya. Rangi nzuri, picha ya Jiwe la Bismarck nyuma ya jina lake, na chini yake: "Cheap and trusted interpreter". Nikamwambia, mdogo wangu, umejitangaza kuwa bahili, au duni, halafu ukaapa kwamba ni kweli. Andika "affordable", au acha kabisa habari ya bei kwenye kadi. Na bei yenyewe ipandishe: nauli ya mtumbwi iwe mbali, posho ya kulala iwe mbali, nusu iwe mkononi kabla hujapanda meli. Akaniuliza kadi afanyeje, ameshachapisha boksi zima. Upande wa nyuma ni mweupe; nimemwambia aandikie msamiati.